Mtoto mwenye usonji na machozi ya mama yake

Swali kutoka kwa msomaji wa Tanga: "Mwanangu wa kiume ana miaka minne na nusu, na mwaka jana madaktari walituambia kwamba ana usonji. Mwezi uliopita mafuta ya moto yalinirukia mkononi nikikaanga maandazi, nikapiga kelele na kulia. Yeye alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka jikoni akipanga vizibo vya soda. Aliinua macho mara moja, kisha akaendelea kupanga. Mama mkwe wangu, aliyekuwepo, alisema kwamba mtoto huyu hana huruma na wala hanijui kuwa mimi ni mama yake. Baadaye nikasoma kwamba kuna mwanasaikolojia wa Marekani aliyelifanyia utafiti jambo hilihili, akaona kwamba watoto wenye usonji hawajali mtu akiumia. Je, ni kweli kwamba mwanangu hana hisia zozote kwangu? Na je, chanzo ni kwamba nilirudi kazini akiwa na miezi mitatu, nikamwacha na dada wa kazi?"

Pole sana, dada, kwa mkono ulioungua, na pole zaidi kwa maneno uliyoambiwa mkono wenyewe ukiwa bado unauma. Katika kazi yangu nimekaa na wazazi wengi wa watoto wenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na kuhusiana na watu), na swali lako ndilo wanalolificha kuliko yote. Huuliza kuhusu dawa, chakula, shule na kuchelewa kusema, hili la "je, mwanangu ananipenda?" hulitoa mwishoni kabisa, wakiwa wameshasimama kuondoka. Umefanya vyema kuliandika waziwazi, nami nitalijibu kwa urefu, kwa kuwa majibu mafupi ndiyo yaliyokuumiza.

Utafiti uliousoma upo kweli. Uliongozwa na Marian Sigman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, akishirikiana na wenzake, miongoni mwao Connie Kasari na Nurit Yirmiya, na ulichapishwa mwaka 1992. Kwa hiyo hukusoma uongo. Ulichosoma ni kipande kimoja kilichokatwa kutoka katika kazi ya miaka mingi, na kipande hicho kikisimama peke yake huonekana kusema jambo ambalo vipande vingine vya kazi hiyohiyo vinalikanusha.

Jaribio lenyewe lilikwenda hivi. Walichaguliwa watoto wadogo wenye usonji, watoto wenye ulemavu wa akili wasio na usonji, na watoto wasio na hali yoyote kati ya hizo mbili, wakalinganishwa kwa kiwango cha uelewa wao na si kwa umri wa kuzaliwa peke yake. Mtu mzima alikaa na mtoto akimwonyesha nyundo ya kuchezea, kisha akajifanya ameigonga kwenye kidole chake na kuonyesha maumivu usoni na kwa sauti. Katika tukio jingine mtu mzima alijilaza kana kwamba anaumwa, na katika tukio la tatu kikaragosi kidogo cha roboti kiliingia chumbani kikitembea, na mtu mzima akaonyesha hofu. Yote yalirekodiwa kwa video, kisha watafiti wakahesabu mtoto alimtazama mtu huyo kwa muda gani na aliendelea na mchezo wake kwa kiasi gani. Watoto wa makundi mengine mawili mara nyingi waliacha kuchezea vitu na kumkazia macho mtu mzima. Watoto wenye usonji walimtazama kidogo zaidi, na wengi waliendelea na vitu vilivyokuwa mbele yao.

Naamini umeona jinsi tukio lile linavyofanana na lako, hata nyundo ikabadilika kuwa mafuta ya moto na vitu vya kuchezea vikawa vizibo vya soda. Lakini angalia kilichopimwa. Yalipimwa macho yalielekea wapi na mikono ilifanya nini. Mtoto anaweza kutotazama kwa sababu hakutambua kilichotokea, au kwa sababu alitambua lakini hakujua afanye nini, au kwa sababu kitu kilicho mkononi kimemshika kiasi kwamba kugeuka humchukua muda mrefu, au kwa sababu kilio kikubwa kinamlemea naye anakikwepa. Hizo ni sababu nne zilizo mbali kabisa na kutokuwa na huruma, na video haiwezi kuzitenganisha. Sigman na wenzake walilijua hilo, ndiyo maana hawakuishia hapo.

Mwaka 1998 kundi lake lilichapisha jaribio jingine ambalo, ajabu, husimuliwa mara chache sana na wanaopenda kulisimulia lile la kwanza. Safari hii, pamoja na kurekodi video, walipima mapigo ya moyo ya watoto wakati mtu mzima alipoonyesha kuumia na wakati alipokuwa ametulia bila kuonyesha lolote. Waliona kwamba watoto wenye usonji walimtazama zaidi mtu aliyeonyesha maumivu kuliko mtu yuleyule alipokuwa ametulia, ijapokuwa bado walitazama kidogo kuliko watoto waliolinganishwa nao. Moyo wao haukuenda mbio kama wa mtu aliyetishika. Wala haukupunguza kasi, kama unavyopungua kwa mtu anapotega sikio kwa makini, jambo lililoonekana kwa watoto wenzao. Kwa maneno mengine, maumivu ya mtu mwingine hayakuwafukuza, na wala hayakuwapita kana kwamba hakuna kitu. Yaliwafikia, lakini hayakuwashika kwa namna ileile.

Sasa rudi kwenye sentensi uliyoiandika mwenyewe: aliinua macho mara moja. Mama mkwe wako aliiruka sehemu hiyo. Watafiti wangeihesabu.

Ukiniuliza kama mwanao anakujua kuwa wewe ni mama yake, hapo nina jibu lenye uhakika zaidi, kwa sababu jambo hilo limepimwa moja kwa moja. Mwaka 1984, miaka minane kabla ya jaribio la nyundo, Sigman na Judy Ungerer walichapisha utafiti ambamo mama alitoka chumbani na kumwacha mtoto na mtu asiyemfahamu, kisha akarudi. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba mtoto mwenye usonji hatofautishi kati ya mama na mtu baki. Matokeo yalikuwa kinyume. Mama aliporudi, watoto walimwelekea yeye, wakamsogelea na kumgusa zaidi ya walivyofanya kwa yule mgeni. Mwaka 2004 watafiti wa Uholanzi walizikusanya pamoja tafiti nyingi za aina hii zilizokuwa zimefanywa sehemu mbalimbali, wakaona kwamba asilimia 53 ya watoto wenye usonji waliopimwa rasmi walikuwa na mwambatano salama na mlezi wao, yaani walimtegemea kama kimbilio lao. Kiwango hicho kiko chini kidogo ya kile cha watoto wengine, na tofauti ilijitokeza zaidi kwa watoto waliokuwa pia na ulemavu wa akili, lakini hakifanani hata kidogo na picha ya mtoto asiyemjua mama.

Hapa nitachepuka kidogo. Namna hii ya kuupima uhusiano wa mtoto na mlezi kwa kuwatenganisha na kuwakutanisha ilitokana na kazi ya mwanasaikolojia Mary Ainsworth, naye Ainsworth alianzia jirani zetu. Mwaka 1954 na 1955 alizitembelea familia za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akakaa nao sebuleni na kutazama jinsi mtoto mchanga anavyofanya mama anapoondoka na anaporudi. Moja ya mambo aliyoyaona ni kwamba watoto wale waliwapokea mama zao kwa kupiga makofi, jambo ambalo watoto wa Kimarekani aliowatazama baadaye huko Baltimore hawakuwa nalo. Wao walikuwa na kukumbatia na kubusu. Angekuwa ametafuta busu peke yake, angeandika kwamba watoto wa Kiganda hawawapendi mama zao. Mimi huwaambia wazazi kwamba mtoto mwenye usonji naye hutaka kutazamwa hivyohivyo, kwa subira ya mtu anayetafuta makofi mahali ambapo yeye mwenyewe alizoea busu. Je, mwanao akitaka kufunguliwa chupa huushika mkono wa nani? Usiku akishtuka usingizini huenda kulala ubavuni mwa nani? Ukisafiri siku mbili, chakula chake, usingizi wake na hasira zake hubadilika? Hayo ndiyo makofi yake.

Tukisema basi kwamba hisia zipo na kuambatana kupo, ni nini kilicho tofauti? Kwa maoni yangu hapa ndipo palipo mchango mkubwa wa Sigman, na ndipo ningependa ukae nami kwa muda.

Mtoto wa mwaka mmoja na miezi kadhaa huwa na aina mbili za kunyosha kidole ambazo kwa macho ya haraka zinafanana. Ya kwanza ni ya kuomba: ananyoshea ndizi iliyo juu ya meza kwa sababu anaitaka. Ya pili haitaki kitu. Anamnyoshea kunguru aliye juu ya bati, anamtazama kunguru, anakugeukia na kukutazama usoni akitabasamu, kisha anamrudia kunguru. Anachotaka ni wewe umwone kunguru pamoja naye. Mwaka 1986 Peter Mundy, Sigman na wenzao walionyesha kwamba watoto wenye usonji huomba vitu karibu kama watoto wengine wa kiwango chao cha uelewa, lakini ile ya pili, ya kuonyesha tu ili muone pamoja, huwa haba sana kwao. Mwaka 1990 kundi hilohilo likaongeza jambo jingine: kwa watoto wengine, furaha hujitokeza usoni hasa wakati huo wa kutazama kitu pamoja na mtu, na kwa watoto wenye usonji ni wakati huohuo ambapo tabasamu huadimika. Tatizo basi haliko katika furaha yenyewe, bali katika mahali ambapo furaha, kitu kinachotazamwa, na uso wa mtu mwingine hukutana.

Mwaka huohuo wa 1990, Geraldine Dawson na wenzake walichapisha utafiti wa akina mama na watoto wao wakiwa mezani, wakicheza na kula. Waliona kwamba watoto wenye usonji walitabasamu mara nyingi sawa na watoto wengine. Ila tabasamu lao halikuandamana na kumtazama mama machoni kwa kiwango kilekile, na mama alipotabasamu wao hawakumrudishia kama wengine. Halafu likaonekana jambo linalostahili kusomwa mara mbili: akina mama wa watoto hawa nao walirudisha tabasamu mara chache zaidi mtoto alipotabasamu. Sidhani kwamba walikuwa mama wabaya. Tabasamu lisilokuja na macho ni rahisi kulipita bila kuliona, hasa ukiwa na sufuria mkononi na mtoto mwingine mgongoni. Mtoto alitabasamu kwa kijiko, na mama hakujua kwamba alikaribishwa.

Nikutajie na utafiti wa 1993 ambao Kasari na Sigman waliufanya kuhusu fahari ya mtoto anapofaulu jambo. Watoto walipewa fumbo la vipande wakalikamilisha. Wenye usonji walifurahi kwa kulimaliza kama wengine, lakini hawakumgeukia mtu mzima ili aone, na waliposifiwa walielekea kugeuza uso upande mwingine. Najua jinsi kugeuza uso huko kunavyosomwa katika nyumba zetu: mtoto ana kiburi, au hathamini. Vilevile mtoto asiyeamkia huitwa hana adabu, na aibu yote humwangukia mama. Lakini mtoto aliyelifurahia fumbo lake, kisha sifa zikamjia ghafla kwa sauti kubwa na uso wa mtu ukasogezwa karibu na wake, huenda anageuka kwa sababu furaha imejaa mpaka juu na hana nafasi ya kitu kingine.

Kuhusu macho nina tahadhari ya kwetu. Vipimo vingi vya usonji vilitungwa Marekani na Uingereza, ambako mtoto hutarajiwa kumtazama machoni mtu mzima anayesema naye. Katika familia nyingi za Afrika Mashariki mtoto hufundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Kwa hiyo mtaalamu mwenye busara hatampima mwanao kwa jinsi anavyomtazama daktari asiyemjua. Atatazama anachofanya na wewe, au na ndugu zake, wakati wa mchezo, na atauliza hasa juu ya kile kidole cha kumwonyesha kunguru. Kama hawakumpima pia masikio, omba apimwe. Mtoto asiyesikia vizuri naye hageuki mtu akilia.

Kuna upande mwingine ambao utafiti wa miaka ya themanini na tisini haukuufikia, nao tumeujua kutoka kwa watu wazima wenye usonji wanaoweza kujieleza. Wengi wao wanasema kwamba hisia zao si chache bali ni nyingi mno, na kwamba ugumu ulikuwa kuzitambua na kuzipa jina. Mwaka 2010 Geoff Bird, Uta Frith, Tania Singer na wenzao walipima ubongo wa watu wazima wenye usonji na wasio nao wakati mtu mwingine anapoumizwa kidogo. Kilichotabiri kama ubongo wa mtu ungeitikia maumivu ya mwenzake hakikuwa usonji. Kilikuwa ni kiasi gani mtu huyo hushindwa kuzitambua hisia zake mwenyewe, awe na usonji au asiwe nao. Ugumu huo huwapata takriban nusu ya watu wazima wenye usonji, na wapo watu wasio na usonji kabisa walio nao. Kwa mtoto wa miaka minne na nusu ambaye bado hajajua kwamba ule mkazo tumboni mwake huitwa hofu, ni mengi kumtaka ajue kwamba sauti kali iliyotoka jikoni inaitwa maumivu ya mama.

Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: sisi tusio na usonji nasi hatuwasomi vizuri wao. Majaribio yaliyofuata yamemuunga mkono, kwa kuwa watazamaji wasio na usonji walipoonyeshwa nyuso za watu wenye usonji walikosea mara nyingi kutambua kilichowapata. Mama mkwe wako, kwa heshima zote, ni mfano wa jambo hilo.

Sasa swali lako la pili, la kurudi kazini. Nitalijibu kwa ufupi kwa sababu halistahili kukuondolea usingizi hata usiku mmoja zaidi. Dhana kwamba usonji huletwa na mama asiye na mapenzi ina historia, na historia yake ni ya aibu kwa taaluma yetu. Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto aliyeandika habari za watoto kumi na mmoja wa kwanza wenye usonji mwaka 1943, aliandika kwamba wamezaliwa na ugumu wa kuhusiana kihisia na watu, ila yeye na wengine baadaye waliongeza maneno kuhusu wazazi baridi, na mwaka 1967 mwandishi Bruno Bettelheim akaieneza lawama hiyo kwa umma. Tayari mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa ameipinga kwa hoja za kibaolojia. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walitoa matokeo ya utafiti wa mapacha nchini Uingereza: katika jozi kumi na moja za mapacha wa kufanana, ambao wana urithi uleule, nne zilikuwa na usonji kwa watoto wote wawili, na katika jozi kumi za mapacha wasiofanana hapakuwa na hata moja. Tafiti kubwa zaidi zilizofuata zimethibitisha kwamba urithi ndio wenye sehemu kubwa. Kazi yako haikumpa mwanao usonji, na dada wa kazi hakumpa. Wala majini hayakumpa, ikiwa hilo nalo limeshasemwa nyumbani. Watafiti waliowahoji wazazi na wataalamu katika Pwani ya Kenya waliyakuta maelezo ya pepo, uchawi na laana yakitajwa bega kwa bega na ya kitabibu, na sioni kwa nini upande wetu wa mpaka uwe tofauti sana.

Sigman mwenyewe aliwapima wazazi. Katika utafiti alioutoa na Michael Siller mwaka 2002, wazazi wa watoto wenye usonji walifuata na kuitikia kile mtoto alichokuwa anakitazama kwa kiwango sawa na wazazi wa watoto wengine. Hawakuwa na upungufu. Lakini ndani ya kundi la wazazi hao kulikuwa na waliofanya hivyo zaidi na waliofanya kidogo, na tofauti hiyo ilikwenda pamoja na maendeleo ya lugha na mawasiliano ya watoto, si kwa mwaka mmoja tu, bali hata walipofuatiliwa miaka kumi na kumi na sita baadaye. Ninapenda matokeo haya kwa sababu yanaondoa lawama bila kukuondolea kazi.

Na huenda wengi wetu hatujui kwamba mwanamke huyu aliyasoma pia maisha ya watoto wa Afrika Mashariki. Katika miaka ya themanini alifanya kazi Embu, nchini Kenya, katika mradi mkubwa wa lishe pamoja na Charlotte Neumann wa chuo chake na Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Watoto wale hawakuwa na usonji, nami sitaki uchanganye mambo. Hata hivyo waliona kwamba watoto wadogo waliosemeshwa mara kwa mara, ambao vijisauti vyao viliitikiwa, na ambao walidumishwa katika mazungumzo na michezo na watu wa nyumbani, walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya maendeleo walipofika miaka miwili na miwili na nusu. Katika boma la Embu kuna kaka, dada na bibi wanaomlea mtoto pamoja na mama. Mtoto kuwa mikononi mwa mwingine saa kadhaa kwa siku si msiba. La kuulizwa ni kama mikono hiyo ilisema naye.

Unaweza kuanzia palepale kwenye vizibo vya soda. Kaa naye chini mkekani, usimnyang'anye mchezo wala usijaribu kuugeuza uwe wa maana zaidi. Akishika kizibo chekundu, sema "chekundu" kisha nyamaza. Mpe kingine, kimoja tu, na usubiri. Kusubiri ndiko kugumu. Wazazi wengi huhesabu mpaka tatu na kuanza kusema tena, wakati mtoto huyu huhitaji mpaka kumi na zaidi. Sigman na Siller walilifanya jambo la namna hii kuwa mafunzo ya wazazi, wakalijaribu kwa familia 70 zilizogawanywa kwa bahati nasibu, ambapo mtaalamu alikwenda nyumbani mara kumi na mbili. Wazazi waliofunzwa waliitikia watoto wao kwa ustadi zaidi, na watoto waliokuwa na lugha kidogo sana mwanzoni ndio waliofaidika zaidi katika usemi. Dakika kumi kila siku baada ya kurudi kazini, simu ikiwa chumba kingine, zinatosha kuanza.

Akitabasamu kwa kizibo, wewe tabasamu, hata kama hakukutazama. Umeona katika utafiti wa Dawson kwamba hapo ndipo mama hukosa mlango.

Zitaje hisia zake kabla ya kumtaka azijue zako. Anapotupa kiatu kwa sababu mlango umefungwa, sema kwa sauti ya kawaida, "Umekasirika. Mlango umefungwa." Maneno machache, yaleyale kila mara. Picha mbili tatu za nyuso zilizochorwa kwa mkono na kubandikwa ukutani zinasaidia, mradi uzioanishe na tukio lililopo na si somo la jioni. Na kwa kuwa watoto hawa mara nyingi hawaji kulalamika wanapoumia, wewe mwenyewe kagua masikio, meno na nyayo pale tabia inapobadilika ghafla; nimeona hasira za wiki nzima zilizoisha jino lilipong'olewa.

Usimlazimishe kukutazama machoni, wala kukumbatia asipotaka. Kama shikamoo ya maneno haijaja, afundishwe kugusa mkono wa bibi au kuinamisha kichwa, na wageni waelezwe kwamba hiyo ndiyo shikamoo yake.

Kuhusu kuumia kwako, utakapoumia tena, na ni lazima siku moja itokee, mpe jambo la kufanya badala ya hisia ya kukisia. Mtoto aliyekwama hapo kati ya kutambua na kutenda anahitaji daraja. Unaweza kulizoeza katika mchezo: jifunge kitambaa kidoleni, sema "Mama anaumwa. Lete maji," na mwelekeze kwa mkono mpaka kwenye kikombe, kisha kunywa na kusema "Asante, nimepata nafuu." Mara ya ishirini huenda akaenda mwenyewe. Wapo watakaosema kwamba huruma ya kufundishwa si huruma. Mimi huwauliza walijifunzia wapi kusema "pole".

Na mama mkwe wako asibaki nje ya jambo hili, kwa kuwa ataendelea kuwepo na maneno yake mtoto atakuja kuyaelewa. Usimsomee tafiti. Mwombe akae mkekani dakika kumi, amkabidhi mjukuu wake vizibo kimoja baada ya kingine bila kusema neno, na siku mtoto atakapoacha kusubiri na kuunyosha mkono wake kuelekea kwa bibi kabla kizibo hakijatolewa, mwambie akuite uje uone.